Mwaka Tuliochagua Ufagio

Mtoto wa Mzee Faki alinipigia simu asubuhi, huku nje theluji inaanguka, na kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kusema nilijua baba yake ametutoka. Yeye amezaliwa hapa hapa London, Kiswahili anakielewa chote lakini kukisema kunamtoa jasho. "Da Riziki, Baba amefariki," alisema, kisha akahamia Kiingereza anachokiweza. "It's tomorrow, after Dhuhr. But have you seen outside?" Nikamwambia nimeona. Nikamwambia pia asihangaike na ya nje, ahangaike na ya ndani: kukosha, kukafini, kuwapigia watu simu. "Mlete baba yako," nikamwambia. "Njia itakuwepo." Nilipoweka simu nilikaa kitandani nikalia, na katikati ya kulia nikajikuta najivuna, kwa sababu ni watu wachache katika mji huu wanaoweza kusema maneno hayo siku ya theluji na wakawa hawamdanganyi mfiwa. Kujisifu hakupendezi, najua, lakini nimefika umri ambao nikijinyima sifa zangu mwenyewe sijui ni nani atanipa. Makaburi yetu, yaliyoko nje kidogo ya Barking, mimi ndiye msimamizi wake sasa. Lakini uwezo wa kusema "njia itakuwepo" sikuupata kwa cheo. Niliupata mwaka mmoja, nikiwa kijana, katika mabishano ya kuchagua kifaa cha kufunga mbele ya trekta.

Mwaka ule nilikuwa karani. Ofisi yenyewe lilikuwa banda la bati lililoletwa kwa lori na kuwekwa karibu na lango, limegawanywa vyumba viwili kwa ubao mwembamba kiasi kwamba mtu akikoroga chai upande wa pili unajua katia sukari vijiko vingapi. Upande wangu palikuwa na meza, simu, na hita iliyonuka vumbi linaloungua. Upande wa pili ndiko walikokaa wazee wa kamati kila Jumapili, wengi wao watu wa Pemba na Unguja waliokuja zamani, wengine wa Mombasa na Lamu. Waliingia na makoti mazito juu ya kanzu, wakavua viatu mlangoni hata kama nimewaambia sakafu ni ya barafu, wakakaa. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za wafiwa, kupanga makaburi, na, ingawa haikuandikwa popote, kupika chai. Niliipika kwa iliki na tangawizi, na sahani ya visheti ilitoka kwa Bi Time, mpishi wetu wa harusi na hitima, mwanamke ambaye katika maisha yake yote hajawahi kununua tui la kopo na hakumheshimu anayelinunua. Ubao ule mwembamba ndio uliokuwa chuo changu. Nilisikia kupitia kwake nani kagombana na nani, nani anaumwa na hataki watu wajue, na nilisikia pia lile neno la Mzee Faki ambalo bila ya hilo haya yote yasingekuwepo.

Mwaka ulianza kwa msiba wake. Mkewe, Bi Saada, alifariki Januari, katika wiki ya theluji nzito ambayo London huipata mara moja moja na kila mara hushangaa kama haijawahi kuiona. Mutiso, mtunza makaburi wetu, Mkamba kutoka Machakos na Mkristo asiyekosa kanisani, alikuja alfajiri na vijana wa kujitolea wakapiga makoleo mpaka wakachonga njia kutoka langoni hadi kaburini. Niliitazama dirishani nikaona ni nzuri kweli. Imenyooka, safi, na theluji iliyotolewa imepangwa kulia na kushoto mfano wa kuta fupi. Tulijipongeza. Gari la maiti likafika, jeneza likatolewa, watu wakalipokea mabegani, na msafara ukaanza kwenda kwa ile kasi yetu, kila mmoja anataka apate kubeba hata hatua chache, huyu anaingia na huyu anatoka. Walipofika katikati Mzee Faki aliingia kutoka ubavuni kushika zamu ya kumbeba mkewe. Mguu ukamponyoka. Alianguka ubavu ubavu, jeneza likainama upande wake, shuka la kijani likateleza, na mikono ya watu ikalidaka likiwa limefika usawa wa magoti. Halikugusa chini. Lakini tahalili waliyokuwa wakiisoma ilikatika, na ule ukimya wa kukatika kwake niliusikia mpaka ndani ya banda, dirisha likiwa limefungwa.

Hakuna aliyelisema jambo lile. Watu wetu ni mahodari wa kutosema. Walimwinua mzee, wakampangusa koti, wakaendelea, na kwenye hitima kila mtu alizungumzia pilau. Ila kuanzia siku ile Mzee Faki alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mwenyekiti wa kamati, mtu mrefu aliyesimamia mabehewa ya reli maisha yake yote ya kazi, mwenye sauti ya kuamrisha na utani wa kukwaruza, na sasa alianza kutembea anatazama viatu vyake, hata kiangazi, hata kwenye zulia. Jumapili moja ya mwanzo wa masika wenzake waliondoka akabaki yeye, na Bi Time akaingia kukusanya vikombe. Bi Time alikuwa dada yake marehemu, kwa hiyo kwa Mzee Faki alikuwa shemeji. Nilikuwa upande wangu napanga karatasi, na sikuweza kutosikia.

"Kula kisheti kimoja, shemeji. Umebaki mifupa."

"Sina hamu." Sahani ikasukumwa. "Time, nimekaa na yule mwanamke umri mzima. Nimembeba kwa kila namna mume anavyombeba mkewe. Siku moja tu kaniomba nimbebe kwa bega, na miguu yangu ikamwangusha."

"Hakuanguka."

"Kaanguka. Wamemdaka watu wengine."

Nilisikia vikombe vinagongana kwenye trei, halafu mlango. Nilibaki na karatasi mkononi, na ninasema wazi, nililia kwa ajili ya mzee ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amenigombeza kwa sababu chai haina rangi.

Kwa hiyo Mzee Faki alipoisimamia hoja ya mashine ya theluji, mimi nilijua anataka nini. Wengine walidhani ni makuu ya mwenyekiti. Tulikuwa na trekta dogo la kukatia majani na kuvutia tela la udongo, na hoja yake ilikuwa kwamba lifungwe kifaa mbele, kabla ya baridi nyingine, ili asizikwe mtu tena kupitia njia iliyochongwa kwa makoleo. Hapo wote walikubali. Kugombana kulianza katalogi zilipofika. Palikuwa na vifaa vya aina tatu. Cha kwanza ni mashine ya kurusha, ambayo inaimeza theluji kwa mdomo wenye meno yanayozunguka na kuitapika mbali kwa bomba. Cha pili ni bapa, kipande kipana cha chuma kinachosukuma theluji kando. Cha tatu ni ufagio, gogo la brashi ngumu, pana kuliko trekta lenyewe, linalozunguka na kufagia mpaka chini.

Mzee Faki alitaka mashine ya kurusha, na hakutaka kusikia kitu kingine. "Kaka yangu yuko Toronto," alisema, na nadhani katika miezi ile niliyasikia maneno hayo zaidi kuliko nilivyosikia jina langu. "Toronto wanaijua theluji. Mashine ile inairusha ikaruka ukuta, ikaruka nyumba, huioni tena. Mimi sitaki kuiona tena." Mutiso aliitwa atoe maoni yake. Alisimama mlangoni, buti zake zina matope, kofia mkononi.

"Mzee, na heshima yako," alisema, "hiyo ni mashine ya Canada. Huko theluji ni kavu kama unga. Ya hapa London si theluji, ni uji imepoa. Itakwama kwa hiyo bomba, mtaniita mimi nitoe na vidole. Nunueni blade. Chuma ni chuma, haina kitu ya kuharibika."

"Na wewe unataka bapa kwa sababu halina kazi ya kuosha," Mzee Faki alisema.

"Pia hiyo ni ukweli, mzee."

Wakacheka. Na katika kucheka kwao mimi nikaingiza mdomo wangu kupitia mlangoni, birika la chai mkononi, nikasema ingefaa ufagio. Nilikuwa nimeuona Woolwich, kwenye uwanja wa hospitali alikofanya kazi ya unesi rafiki yangu mmoja. Siku ya theluji ile ile ya Januari, trekta dogo kama letu lilipita na brashi mbele, likarudi, likapita tena, na lami ikabaki nyeusi kavu mpaka ukingoni, wagonjwa wanatembea na mikongojo yao bila wasiwasi. Sikupata hata nafasi ya kueleza. "Ufagio!" mmoja alisema, na banda likatikisika. "Tunatafuta mashine, Riziki anatuletea ufagio." Mwingine akasema fagio wanazo nyumbani na wafagiaji wake wapo. Mzee Faki hakucheka, lakini alinipungia mkono wa kuniambia mimina chai uende. Niliimimina, nikaenda. Jumapili iliyofuata chai yao haikuwa na iliki, wala iliyofuata, na kila mmoja alilalamika pembeni na hakuna aliyethubutu kuniuliza. Nilikuwa na hasira za karibu wakati ule. Ninazo bado, ila siku hizi nazitolea taarifa kabla.

Muuzaji, Mwingereza mmoja mpole mwenye mashavu mekundu, alikubali kuvileta vyote vitatu siku moja tuvijaribu uwanjani kwetu. Tatizo lilikuwa kwamba ni Septemba, jua linawaka, na theluji hakuna. Alisema wengine hujaribia mchanga, wengine vumbi la mbao. Mutiso akasema mchanga utamharibia majani yake. Nikalifikiria lile jambo wiki nzima bila kupata jawabu, mpaka Jumapili ya kuamkia siku ya majaribio, kulipokuwa na harusi kubwa katika ukumbi mmoja pale Barking. Nilikwenda jikoni kusaidia, maana msichana asiyesaidia jikoni kwa Bi Time hakuwa na haki ya kuuona wali. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mbuzi tangu asubuhi wanakuna nazi za magunia, wengine wanachuja tui, na mazungumzo yanakwenda kwa kasi ya mikono: nani kaposwa, nani kakataa, nani kafunga duka la nguo na kafungua la simu. Pembeni, kwenye mabeseni na ndoo, machicha ya nazi iliyokwisha kukamuliwa yalikuwa yamerundikana meupe, yana maji maji, yamepoa. Niliteka kiganja nikayaminya. Yakashikana yakawa donge, yakadondosha tone moja. Nikasimama pale na donge langu nikaikumbuka Januari.

"Bi Time, machicha haya mnayapeleka wapi?"

"Jaani. Unayatakia nini, una kuku?"

"Nataka kuwaonyesha wazee theluji."

Alinitazama, mwiko mkononi. Sijui kama alifahamu wakati ule au alinionea huruma tu. "Chukua," alisema. "Lakini ndoo zangu zirudi, na zirudi safi."

Sijui kama kuna watu wengine duniani waliowahi kununua kifaa cha theluji kwa kukijaribia machicha ya nazi. Napenda kufikiri hawapo. Asubuhi Mutiso aliyapakia kwenye tela huku anatikisa kichwa, "Dada Riziki, wewe utanifutisha kazi," tukayatandaza kwenye kipande cha njia karibu na banda, mbali na makaburi, tukayaongezea maji kidogo mpaka Mutiso mwenyewe akachuchumaa, akayabonyeza, akasema, "Eeh. Hii ndiyo ile." Wazee walifika mmoja mmoja. Walisimama ukingoni mikono nyuma, wakiwa na nyuso za watu walioalikwa karamu wakakuta chakula kimemwagwa. Muuzaji aliuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni nazi. Akaniuliza tena, nikamwambia tena.

Mashine ya kurusha ilianza. Kwa hatua za mwanzo ilifanya kazi kwa fahari kubwa, na Mzee Faki akanyoosha kidole, "Mnaona?" Halafu ikakohoa. Bomba likavimbiwa, likatoa mlio wa mtu anayepaliwa, na likatapika donge moja kubwa lililopasukia hewani na kuinyeshea kamati nzima, kofia za viua, ndevu na miwani. Mutiso akazima trekta, akaanza kutafuta kijiti cha kuzibulia. Mzee Faki alijipangusa ndevu kwa leso. Alisema, bila kumtazama mtu, "Basi. Toronto ni Toronto." Nilimheshimu sana kwa maneno yale.

Tukatandaza upya, likafungwa bapa. Bapa lilisukuma vizuri, siwezi kulisingizia. Lilipita mara moja likaacha njia iliyonyooka, na machicha yamesimama kulia na kushoto katika matuta mawili. Wazee wakalipenda. Njia hiyo hapo, walisema, upana wa jeneza na watu wawili ubavuni, tunataka nini zaidi? Mwingine akasema huo ufagio hata usifungwe, twende tukale. Nikaona siku yangu inaondoka. Na hapo, kwa hasira zaidi kuliko akili, nikasema kwa sauti ambayo karani hakupaswa kuwa nayo, "Basi ipitieni! Kama ni njia ya maziko, bebeni mpite, tuione."

"Tubebe nini? Jeneza?"

"Uchuro!" Bi Time alikuwa amekuja kudai ndoo zake. "Hakuna kubeba jeneza tupu mbele yangu. Mnamwitia nani mauti?"

Mutiso akaleta ngazi yake ya mbao. Juu yake tukaweka gunia la mchele lililobaki harusini. Wazee, pamoja na vijana waliokuja kushusha vyombo, wakaikamata ngazi kwa mzaha, mmoja anauliza marehemu mchele kaacha watoto wangapi, wakaiinua mabegani, wakaanza. Na mwili una kumbukumbu zake. Hatua chache tu, mzaha ukakatika. Kasi ikashika ile kasi. Aliyekuwa nyuma akasogea mbele, mwingine akaingia kutoka ubavuni akaweka bega, aliyekuwepo akatoka upande wa pili, mwingine akaingia, na sauti ya chini, sijui ya nani, ikaanza la ilaha illa llah, na wote wakaipokea. Gunia la mchele lilipita mbele yetu kwa heshima zote za Muislamu. Bi Time alijifunika kanga mdomoni. Hata yule muuzaji akavua kofia yake.

Walipofika mwisho wakaishusha, na kijana mmoja akawa anacheka anajishika goti, kateleza kidogo akashikwa. Sote tukageuka kuitazama njia. Katikati, pale bapa liliposafisha, palikuwa na nyayo chache tu. Nyayo zote nyingine zilikuwa kwenye matuta. Matuta yote mawili, kulia na kushoto, tangu mwanzo hadi mwisho, yalikuwa yamevurugwa, yamepondwa, yana alama ndefu za visigino vilivyoponyoka. Nilikuwa nimetaka kushinda mabishano, lakini sikulitegemea lile. Mtu ukimwambia akuchoree jeneza atakuchorea na watu wanne, na sote njia tulikuwa tunaipimia watu wanne. Lakini jeneza letu halibebwi na wanne. Linabebwa na wanaotoka na wanaoingia, na hao wanatembea pembeni, hasa pale ambapo sisi, kwa wema wetu na makoleo yetu, tulikuwa tumepanga theluji.

Mzee Faki alikwenda peke yake mpaka katikati ya njia. Alisimama mbele ya tuta la kulia, akalitazama, kisha akaweka mguu wake juu polepole. Mguu ukaserereka. Akaurudisha, akauweka tena, ukaserereka tena.

"Hapa," alisema. "Mimi niliingia upande huu. Nilikanyaga hapa."

Hakuna aliyemwendea isipokuwa Bi Time. Alikanyaga machicha yake kwa viatu vyake vya harusi, akasimama karibu naye, akasema polepole, lakini sote tulisikia, "Umeona, shemeji? Haikuwa miguu yako."

Mzee mrefu yule alijifunika uso kwa leso ile ile yenye machicha, na mabega yake yakatikisika. Wanaume wote walipata ghafla kitu cha kutazama kwenye trekta. Alipomaliza alipenga kamasi, akavaa sauti yake ya mwenyekiti, akauliza, "Nani alisema ufagio?"

"Mimi," nikasema.

"Basi mfunge huo ufagio tuuone." Ukafungwa, Mutiso akaupitisha katikati, akarudi akaufagia ubavu, akaufagia ubavu wa pili, matuta yakaondoka, machicha yakasukumwa mpaka majanini, na njia ikabaki wazi kutoka ukingo hadi ukingo bila brashi kukwaruza jiwe hata moja la ukingoni. Mzee Faki aliipita mara mbili, kwenda na kurudi, pembeni kabisa. Kisha akasema tuchukue ule mpana kuliko yote, na chombo cha kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kifungwe nyuma, na kuanzia leo njia za hapa zinafagiliwa mpaka kwenye majani, si kwa upana wa jeneza bali kwa upana wa watu. Mutiso alinipigia saluti. Tulikula wali uliobaki harusini tumekaa kwenye ngazi, muuzaji naye kapewa sahani, na Jumapili iliyofuata chai yao ilikuwa na iliki ya kutosha kuwatoa machozi.

Mutiso alinifundisha kuendesha trekta mwezi huo huo. Wengine walinung'unika, mwanamke, makaburini, na Mzee Faki akawauliza ni nani kati yao yuko tayari kuja alfajiri siku ya barafu. Manung'uniko yakaisha. Theluji ya kwanza ya baridi ile ilikuwa nyembamba na chafu, lakini tulikuwa na maziko, na nilifagia mimi, Mutiso anatembea ubavuni ananipigia kelele, "Kando, kando, rudi kando!" Mzee Faki alikuja mapema kabla ya wafiwa. Aliitembea njia yote, mikono mifukoni, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nilimwona anatembea huku anatazama miti. Alipopita kwenye trekta alisimama. Sikuzima mashine, kwa hiyo ilimbidi apaze sauti.

"Riziki! Siku yangu ikiwa ya theluji, asinifagilie mtu mwingine!"

"Na ikiwa ya jua?"

"Ikiwa ya jua nitakwenda mwenyewe!"

Tangu siku ile brashi zimekatika na kubadilishwa sijui mara ngapi. Trekta lenyewe ni la pili. Mutiso karudi Machakos, ananitumia sauti kwenye simu kuniuliza kama nimepaka grisi. Bi Time hatoki tena nyumbani, wajukuu wanamchemshia wali wa tui la kopo na yeye anaula huku anaulaani. Banda la bati liliondolewa, tuna ofisi ya matofali yenye joto la kweli. Nimepandishwa kutoka kumimina chai mpaka kuendesha mahali penyewe, na nimezika, namaanisha nimesimamia kuzikwa, watu wengi katika theluji, barafu na mvua, na hakuna jeneza lililoinama. Hilo ndilo jambo ninalojivunia katika maisha yangu. Binti yangu alinisikia usiku wa juzi nikimhadithia mtu haya kwenye simu akaniambia, "Mum, you're bragging." Nikamwambia ndiyo.

Jana nilifika kabla hakujapambazuka sawasawa. Kijana wetu wa zamu alitaka kupanda, nikamwambia ashuke, leo ni ahadi. Nilifagia katikati, nikafagia kulia, nikafagia kushoto, mpaka majani yakaonekana. Theluji ilikuwa bado inaanguka, kwa hiyo nilirudia yote, na baada ya adhuhuri, walipopiga simu kuwa wametoka msikitini, nikarudia tena. Gari lilipoingia langoni nililisogeza trekta kando ya stoo, nikazima, nikashuka. Wanawake kwetu hatufuati jeneza, na mimi sina ugomvi na hilo. Niliweka mkono kwenye boneti lililokuwa bado na moto, nikatazama kutoka pale.

Walimpokea mabegani. Wengi sana walikuja, wazee waliobaki kwa fimbo zao, wanangu wa mtaani waliokuwa watoto mwaka ule na sasa wana mvi, vijana wa Kiingereza kitupu ambao kazi hii hawakufundishwa na mtu na bado bega linajua pa kuingia. Kasi ikashika. Wakaanza kuingia kutoka kulia, wakitoka kushoto, wakiingia, wakitoka, pembeni kabisa mwa njia, kwenye lami nyeusi yenye maji, na tahalili haikukatika tangu langoni mpaka kaburini. Mtoto wake aliingia zamu upande wa kulia, pale pale katikati. Nilimtazama miguu. Akaweka bega chini ya baba yake, uso juu, akaenda, na katika umati wote ule hapakuwa na mtu hata mmoja aliyetazama viatu vyake.